Boya la Mafuta Lilinifundisha Kuandika Kweli

Mimi ni mvuvi mzee wa pwani ya Tanga. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, mwaka 1974, katika darasa la kisomo cha watu wazima. Tulisomea chini ya mwembe. Asubuhi nilivuta nyavu, jioni nilishika kalamu. Vidole vyangu vilikuwa vigumu, na herufi zangu zilikuwa kubwa kama mayai. Lakini nilijua kusoma, na nilifurahi sana.

Leo nataka kukusimulia jinsi kalamu hiyo hiyo ilivyonitia aibu. Jambo hili lilitokea mbali, katika nchi moja ya Ghuba, nilipokuwa kibarua wa baharini. Sitaitaja bandari wala kampuni, kwa sababu kosa lilikuwa langu mimi.

Ninasimulia sasa kwa sababu vijana wa kijijini kwetu wananiuliza habari za meli za mafuta. Wanayo sababu ya kuuliza. Mwaka 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa Chongoleani, karibu na mji wa Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilometa 1,443. Linaanzia Hoima, nchini Uganda, na mwisho wake ni pwani yetu. Mpango wake ni meli zije zipakie mafuta kwenye gati refu lililoingia baharini. Kwa hiyo vijana huniuliza, "Babu, kazi ile ikoje?" Nami huwajibu kwa kisa hiki.

BOYA NI NINI?

Huko nilikofanya kazi hapakuwa na gati. Palikuwa na boya.

Usifikiri ni boya dogo la kushikilia nyavu. Hili ni pipa kubwa la chuma linaloelea, pana kama nyumba. Watu kumi waweza kusimama juu yake. Linakaa mbali na ufuko, kilometa kadhaa, mahali penye kina kirefu.

Kwa nini liwekwe mbali? Kwa sababu meli ya mafuta ni kubwa mno. Zile kubwa tulizozipakia zilikuwa na urefu wa mita 330 hivi. Huo ni urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Meli kama hiyo hubeba mapipa milioni 2 ya mafuta, na kila pipa ni lita 159. Ikijaa, tumbo lake huzama mita 20 na zaidi ndani ya maji. Ikija karibu na ufuko, itakwama mchangani. Basi, badala ya meli kuyafuata mafuta, mafuta huifuata meli.

Chini ya bahari limelazwa bomba la chuma kutoka kwenye matangi ya nchi kavu. Bomba hilo hufika chini ya boya. Kutoka hapo, mafuta hupanda hadi kwenye boya kwa mipira minene. Kutoka kwenye boya, mipira mingine huelea juu ya maji hadi kwenye meli. Ukiitazama kwa mbali, utadhani ni chatu mkubwa analala juu ya bahari.

Boya lenyewe hushikwa na minyororo sita au minane, iliyotandazwa pande zote na kufungwa kwenye nanga. Pete moja tu ya mnyororo ule ni mzigo wa watu wawili.

Nayo meli hufungwa kwenye boya kwa pua yake tu. Hufungwa kwa kamba mbili za nailoni, nene kama paja la mtoto. Umewahi kumfunga mbuzi malishoni? Mbuzi huizunguka mambo yake bila kuing'oa. Meli nayo ni vivyo hivyo. Upepo ukigeuka, meli hugeuka. Mkondo ukigeuka, meli hugeuka. Sehemu ya juu ya boya huzunguka pamoja nayo, na mipira hufuata. Kwa hiyo meli haishindani na bahari.

Hata hapa Tanzania tunalo boya la namna hii. Liko Ras Mjimwema, Kigamboni. Tofauti ni kwamba pale meli haipakii, bali hushusha mafuta. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, huyasafirisha kwa kilometa 1,710 hadi Ndola, nchini Zambia.

KAZI YETU

Ndugu msomaji, chuma kikikaa baharini hakipumziki. Chumvi hukila. Mawimbi hukitikisa usiku na mchana. Chaza hujishika juu yake, wakakifanya kizito. Minyororo husuguana, pete zikawa nyembamba. Mipira hupigwa na jua, ikapasuka kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo walikuwapo watu wa kulitunza boya. Wazamiaji walishuka chini kuitazama minyororo. Walipima unene wa pete kwa chombo maalumu, wakalinganisha na kipimo cha zamani. Mafundi walitia grisi mahali boya linapozungukia. Mipira ilivutwa nchi kavu kwa zamu, ikajazwa maji kwa nguvu ili kuona kama itavuja. Kamba za nailoni zilikuwa na siku zake. Siku zikitimia zilibadilishwa, hata kama kwa macho zilionekana nzima.

Mimi nilikuwa katika kundi la mashua. Tulikuwa watu watano. Meli ikija, tulimpokea rubani wa bandari na kumpeleka melini. Yeye ndiye aliyeongoza kazi yote mpaka meli ijae. Sisi tulizipeleka kamba kwenye pua ya meli. Kisha tulivuta mwisho wa mipira hadi ubavuni, ili winchi ya meli iunyanyue. Nyuma ya meli ilifungwa tagi, yaani meli ndogo yenye nguvu, iivute meli kidogo kidogo isije ikalipanda boya.

Siku zisizo na meli tulikagua. Mipira ile iliungwa vipande vipande, kila kipande mita 10 hivi. Kila kiungo kilikazwa kwa bolti 20. Viungo vilikuwa 25. Hebu piga hesabu, ndugu msomaji: mara moja unapata bolti 500. Na kila bolti ilikuwa na haki ya kuguswa kwa mkono.

DAFTARI

Palikuwa na daftari. Kila kurasa ilikuwa na mistari tisa, yaani mambo tisa ya kukagua juu ya boya. Ukiliona jambo ni zima, unatia alama ya vema. Ukiliona bovu, unaandika ubovu wake.

Wenzangu wa mashua hawakujua kusoma. Mimi nilijua herufi, na maneno machache ya kigeni yaliyokuwa katika daftari niliyazoea upesi. Basi nikapewa daftari lile. Pia niliwasomea wenzangu barua kutoka makwao, wale waliotoka pwani yetu. Wakaanza kuniita Mwalimu. Msimamizi wetu, Mwarabu aliyezaliwa Unguja, naye akaniita Mwalimu. Nilitembea kifua mbele.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Siku moja ya Alhamisi tulikwenda kukagua. Nilipanda juu ya boya na daftari langu ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikagua jambo la kwanza hadi la sita. Nilishika, nilitazama, nilitia vema. Yalibaki matatu: taa ya usiku, na pete mbili za chuma ambazo kamba za meli hufungwa kwazo.

Pete hizo ni kubwa. Kila moja hufungwa kwa msumari mnene wa chuma. Mwisho wa msumari kuna nati. Ili nati isifunguke, hupitishwa pini ndogo, kama kalamu ya risasi kwa unene na urefu. Meli nzima inategemea msumari, msumari unategemea nati, na nati inategemea kile kipini.

Wakati ule bahari ilianza kuchafuka. Pete zilikuwa upande wa pili, na mawimbi yalikuwa yanarukia huko. Nahodha wa mashua alinipigia honi. Nami moyo wangu ulikuwa nchi kavu. Barua ya mke wangu ilikuwa inaningoja ofisini, na Alhamisi ndiyo siku ya kutuma fedha nyumbani. Nilijiambia, "Wiki iliyopita zilikuwa nzima. Zitaharibikaje kwa siku saba?"

Nikashuka. Nikakaa ndani ya mashua. Nikatia vema tatu.

Kalamu ilifanya kazi hiyo kwa muda mfupi kuliko kukohoa.

USIKU WA SHAMALI

Jumamosi ilikuja meli. Ilianza kupakia asubuhi. Mchana hali ilikuwa shwari. Jioni ukaanza upepo wa shamali, ambao katika Ghuba huvuma kutoka kaskazini-magharibi. Ni upepo wenye vumbi na wimbi fupi kali.

Saa mbili usiku tulisikia sauti kwenye redio. Kamba moja imeachia! Haikukatika. Ilichomoka kutoka kwenye boya, ikaanguka majini. Sasa meli yote, pamoja na mafuta yake, ilikuwa inashikwa na kamba moja.

Rubani aliyekuwa melini hakupoteza muda. Aliamuru pampu za nchi kavu zizimwe. Vali zikafungwa. Mipira ikafunguliwa kutoka ubavuni mwa meli. Hapo ikawa zamu yetu. Mashua yetu ilitakiwa kuupokea mwisho wa mpira na kuuvuta mbali, usinaswe chini ya meli.

Mawimbi yalituinua na kutushusha. Mwenzangu mmoja, mtu wa India, alikuwa mbele akishika mnyororo wa mpira. Mashua ikashuka ghafla, mpira ukapanda. Mkono wake ukabanwa kati ya mnyororo na ukingo wa chuma.

Alipiga kelele mara moja tu. Kisha alinyamaza, akautazama mkono wake.

Ile kamba ya pili ilishika. Meli ilijiondoa salama. Mafuta yaliyomwagika yalikuwa machache, yale yaliyobaki mdomoni mwa mpira. Watu walisema tumepata bahati. Lakini mwenzangu alipotoka hospitali alikuwa amepoteza vidole viwili.

ALAMA HII NI YA NANI?

Asubuhi wazamiaji na mafundi walikwenda kwenye boya. Waliikuta pete imefunguka. Msumari haukuwapo. Kwenye pete ya pili, pini ilikuwa imelika kwa kutu, imebaki nyembamba kama sindano.

Msimamizi aliniita ofisini. Daftari lilikuwa wazi mezani. Aliweka kidole juu ya alama yangu.

"Mwalimu, alama hii ni ya nani?"

"Ni yangu, bwana."

"Pete hizi uliziona kwa macho yako?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Nahodha alikuwa akiangalia mawimbi, hakuniona nilikokwenda. Pini yaweza kulika, bahari yaweza kulaumiwa. Neno moja tu, na jambo lingekwisha.

Nilikumbuka ule mkono. Nikasema, "Sikuziona. Bahari ilichafuka, nami nilitaka kurudi nchi kavu."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Ungeacha mistari hii mitatu wazi, ningejua kuwa haikukaguliwa. Ningemtuma mtu Ijumaa. Wewe hukuniachia mistari wazi. Umenifumba macho."

Maneno hayo yamekaa kichwani mwangu mpaka leo. Asiyejua kusoma asingeweza kufanya kosa lile. Wenzangu wasiojua herufi wangesema kwa midomo yao, "Bwana, upande ule hatukufika." Mimi niliyesoma ndiye niliyedanganya, na uongo wangu ulionekana safi kwa sababu ulikuwa umeandikwa.

Hakunifukuza. Alinichukulia daftari. Kwa mwaka mmoja nilikwangua chaza juu ya boya na kubeba mikebe ya grisi. Nilimpelekea mwenzangu nusu ya mshahara wangu wa miezi mitatu. Alizipokea fedha, akanishukuru. Vidole havikurudi.

KANUNI MPYA

Tangu siku ile ukaguzi ulifanywa na watu wawili. Mmoja anasoma mstari kwa sauti. Mwingine anakishika kitu chenyewe kwa mkono, ndipo anajibu. Bahari ikikataa, mstari unaachwa wazi, na sababu inaandikwa: "Hatukufika. Mawimbi." Na mstari ukiwa wazi, hakuna meli ya kufungwa mpaka mtu afike.

Baada ya mwaka nilirudishiwa daftari. Kurasa zangu hazikuwa nzuri tena kama zamani. Zilikuwa na mistari mingi iliyoachwa wazi. Msimamizi alizitazama, akasema, "Sasa ninaweza kulala."

Nimeendelea kufuatilia habari za maboya, hata baada ya kurudi nyumbani. Mwaka 2013, nchini Thailand, mpira wa mafuta ulipasuka baharini karibu na Rayong wakati meli ikishusha. Mafuta yalifika ufukoni mwa kisiwa cha Samet. Mwaka 2022, huko Ventanilla, nchini Peru, meli ilikuwa imefungwa kwenye maboya ikishusha mafuta. Mapipa zaidi ya 10,000 yalimwagika. Wenye meli na wenye kiwanda walibishana juu ya chanzo. Lakini wavuvi hawakuwa na la kubishana. Bahari yao ilikuwa nyeusi, na nyavu zao zilibaki nchi kavu.

Mimi ni mvuvi. Najua maana ya wavu uliokauka. Ndiyo maana nawaambia vijana: mkipata kazi Chongoleani au popote penye mafuta na bahari, msifikiri kazi kubwa ni ya rubani na wahandisi peke yao. Mwenye spana na mwenye daftari ndio wanaolinda chungu cha mvuvi.

HATA KIJIJINI KWETU

Pengine utasema, "Mimi niko Dodoma au Songea. Mafuta na bahari vinanihusu nini?"

Hebu tazama kijijini kwako. Pampu ya kisima ina daftari. Mizani ya korosho au ya pamba ina daftari. Dawa za zahanati zina daftari. Kila daftari lina mistari, na mbele ya kila mstari kuna mtu na kalamu yake. Akiandika asichokiona, watu watategemea kitu ambacho hakipo. Watakijua siku pampu itakapokatika, au siku mgonjwa atakapokosa dawa.

Mimi sasa ni mjumbe wa kamati ya maji. Kijana mmoja ndiye anayetunza daftari la pampu. Ni kijana mzuri, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mwezi uliopita nililifungua, nikaona vema kila siku, hata siku ile ya mvua kubwa njia ilipojaa maji.

Nilimwuliza, "Mwanangu, siku hii ulifika kisimani?"

Aliangalia chini. Nami sikumkemea. Nilimketisha, nikamsimulia kisa hiki nilichokusimulia wewe. Alipoondoka alichukua daftari, akaifuta ile alama, akaandika pembeni: "Sikufika. Mvua."

Asubuhi iliyofuata nilimwona akielekea kisimani na spana mkononi. Nilimwambia anisubiri. Tukaenda wote wawili, yeye akasoma, mimi nikagusa. Kwenye bolti ya tatu nilisimama, kwa sababu nati yake ilikuwa imelegea. Aliandika hivyo kwanza, ndipo tukaikaza.